Albamu ya Marehemu Ikae Wapi?

Kuna vialbamu vinavyotengenezwa nyumbani kwa mkono: kurasa za kartoni, gundi, jalada lililovishwa kipande cha kitenge, picha moja kila ukurasa, na chini yake jina na mwaka kwa kalamu. Kimoja kikishakamilika, watu wa nyumba huulizana kiwekwe wapi. Kwa kuwa wengi wa waliomo wameshafariki, na Uvira, huku kwetu mashariki mwa Kongo, ni mji wa Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wanaoishi ua kwa ua, mimi naliona hilo kuwa swali la dini kabla ya kuwa la mapambo. Jibu langu ni kwamba kikae sebuleni, kimefungwa, mahali ambapo mkono wa mtoto na wa mgeni unafika.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwa wale wanaoziogopa picha zaidi. Katika hadithi mashuhuri ya Kiislamu, Mtume Muhammad alichukizwa na pazia lenye picha lililotundikwa nyumbani kwa mkewe, Bi Aisha. Likakatwa, likawa mito ya kuegemea, na mito hiyo ikatumika. Wanachuoni wamebishana sana juu ya hadithi hiyo. Wapo wanaoikataa hata picha ya kamera, na wapo waliofuata rai ya Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba kamera hukizuia tu kivuli alichokiumba Mungu. Hata hivyo tukio lenyewe linaonyesha kwamba mahali pa kitu palipimwa: kilichoinuliwa mbele ya macho kilishushwa. Biblia nayo, baada ya kukataza sanamu katika Kutoka 20, inaagiza katika sura ya 25 makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na sanduku hilo likakaa nyuma ya pazia. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ulitenganisha heshima na ibada, na kwa msingi huo Wakatoliki wa Uvira waliweza, tarehe 18 Agosti 2024, kushangilia kutangazwa wenyeheri kwa wamisionari watatu Waksaveri na Padre Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964. Kwa hiyo hatari iko katika kuitazama sura bila kukoma hadi iwe na mamlaka juu ya anayeitazama. Albamu iliyofungwa haimtazami mtu. Lazima aichukue, aifunue, na kwa kawaida mtu mzima awepo wa kusimulia. Katika kitabu cha Yoshua, mawe kumi na mawili ya Gilgali yaliwekwa kwa kusudi hilohilo: watoto waulize, wazazi wajibu.

Wengine watasema kitu cha thamani hufichwa sandukuni, hasa hapa, tulipobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baadaye ziwa lenyewe likapanda hadi ndani ya nyumba za ufukweni. Lakini sanduku la sakafuni ndilo linalolowa kwanza. Mfuko wa plastiki na rafu ya juu kidogo, karibu na mlango, vinalinda zaidi, na udogo wa albamu unasaidia: waliokimbia vita mwaka 1996 wakavuka ziwa hadi Kigoma, Tanzania, wakafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hawakuweza kubeba kabati. Pingamizi la usalama ni zito zaidi, nami nalikubali. Picha ya mtu aliye hai inayoweza kumponza mbele ya wenye silaha itolewe, hata kama ukurasa utabaki na pengo. Kuhusu majonzi, mjane ambaye bado hawezi kuiona sura ya mumewe anaonewa na picha ya ukutani; jalada linamwachia uamuzi.

Linabaki suala la wafu wasio na picha, ambao ni wengi kwetu, maana maji na vita vimechukua hata ile moja waliyopigwa. Nao wapewe ukurasa kamili: jina, kijiji, jina la mama, kazi aliyoifanya. Jirani Mwislamu asiyekubali picha kabisa anaweza kutengeneza albamu yake yote namna hiyo, akaiweka sebuleni kama wengine.