Je, Picha za Nyota Zasema Kweli?

Siku hizi si wataalamu wa vyuo vikuu peke yao wapigao picha za mbingu. Wako walimu, mafundi na makarani ambao, kazi ya mchana ikiisha, hutoa darubini uani wakakesha. Picha zao huonyesha galaksi, na zile nebula, yaani mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, kwa rangi za kupendeza mno. Lakini mtu akiitafuta kwa macho yake Nebula ya Orioni, ambayo kwetu hupita juu ya utosi jioni za Januari na Februari, haoni ila ukungu hafifu wa kijivu. Basi huuliza: Rangi zile zimetoka wapi? Je, tumedanganywa?

Swali hili si la mchezo, maana lagusa Amri ya Nane.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe. Mwanga wa galaksi ya Andromeda husafiri miaka ipatayo milioni 2.5 kabla ya kutufikia, nao hufika ukiwa haba. Jicho la mwanadamu gizani halipambanui rangi vema, wala haliwezi kuweka akiba ya mwanga. Kamera yaweza. Darubini huwekwa juu ya mtambo unaofuata mwendo wa nyota, kamera huachwa wazi kwa dakika kadhaa, kisha picha nyingi, pengine mamia, hujumlishwa kuwa moja. Tena mpiga picha mwangalifu hupiga nyingine huku mdomo wa darubini umefunikwa. Picha ya giza tupu yamfaa nini? Yamfaa kuzijua kasoro za kamera yake mwenyewe, azitoe, asije akazihesabu kuwa nyota. Laiti nasi tungefanya hivyo kabla ya kunena habari za jirani!

Wengine husema: Kisichoonekana kwa macho si kweli. Hoja hii haina nguvu. Jicho ni shahidi mwema, lakini si kipimo cha vyote vilivyoumbwa. Haidrojeni ya nebula ilitoa mwanga mwekundu kabla hajazaliwa mtu wa kuutazama.

Wengine huleta hoja nzito zaidi. Mwaka 1995 darubini ya Hubble, iliyoko angani, ilipiga picha mashuhuri ya Nebula ya Tai. Mwanga wa salfa ulipewa rangi nyekundu, wa haidrojeni kijani, na wa oksijeni buluu. Na hata leo wapiga picha wengi wa nyumbani hufuata desturi hiyo. Hapa rangi imebadilishwa kwa kusudi. Je, huo si uongo? Mtakatifu Agustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, afundisha kwamba ubaya wake hasa umo katika nia ya kudanganya, mtu anenapo kinyume cha ayajuayo moyoni. Mchora ramani akiipaka Kenya rangi ya waridi na Tanzania manjano, hakuna adhaniye kwamba udongo wa huko una rangi hizo. Kadhalika mpiga picha akieleza wazi kwamba rangi hii yasimama mahali pa gesi fulani, hakumdanganya mtu. Akificha makusudi ili watu wasadiki kwamba macho yangeona vile vile, amekwisha kuuvuka mpaka.

Tena yuko atiaye nyota au nyuzi za wingu ambazo kamera yake haikuzipokea kamwe, naye leo ana kompyuta ya kumbunia vitu hivyo kwa dakika moja. Huyu hakufasiri ushuhuda, ameutunga. Atasema: Nimemdhuru nani? Tazameni mifano miwili. Mwaka 1888 Isaac Roberts, mjenzi mzaliwa wa Wales, alipiga picha iliyoonyesha mizunguko ya Andromeda. Yeye alidhani anaona jua na sayari zikizaliwa. Baadaye, kwa picha alizozipiga tangu mwaka 1923, Edwin Hubble alithibitisha kwamba ile ni galaksi nzima, mbali nje ya galaksi yetu. Rai ya Roberts ilianguka, bali picha yake imesimama hata leo. Na mwaka 2022 Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wasio wanajimu wa kazi, waliona karibu na Andromeda tao hafifu la oksijeni ambalo hakuna aliyepata kuliona. Hawakulitangaza mpaka lilipothibitishwa kwa darubini nyingine. Kama picha za namna hii zingezoea kutiwa mapambo ya kubuni, nani angewasadiki?

Hapo ndipo madhara yalipo. Mwongo hatii doa picha yake tu. Huwanyang'anya wasema kweli imani ya watu.

Jambo hili latuhusu sisi Wakristo kwa namna ya pekee. Kwa miaka mingi picha ya Nebula ya Helix imeenezwa kwa jina la Jicho la Mungu, pamoja na maneno kwamba huonekana mara moja tu katika miaka 3000. Hiyo ni gesi iliyotupwa na nyota inayokufa, nayo yaonekana kwa darubini kila mwaka. Walioieneza pengine walitaka kuwachochea wenzao wasali. Lakini Mtakatifu Agustino alikataza uongo hata kwa ajili ya kuwafichua wazushi. Sembuse kwa ajili ya kupamba ibada! Kijana aliyeamini kwa sababu ya picha ile, siku atakapoujua ukweli, ataishuku pia Injili aliyoisikia katika kinywa kile kile.

Basi, wasomaji wapenzi, kabla ya kumpelekea mwenzako picha kwa simu, iwe ya nyota, ya muujiza, au ya aibu ya jirani, jiulize: Nimeipata wapi? Nani ameipiga? Kimeongezwa nini? Usipojua, iache. Mwenyezi Mungu aliyeziumba galaksi hana haja ya kutetewa kwa uongo wetu, na jirani yako ana haki ya kuambiwa kweli.