KIJANA, WEWE NA CHUPA NANI BWANA?

Rafiki yangu kijana, Bwana Yesu asifiwe! Labda hujui hata namna ya kuitikia salamu hiyo. Labda ulikuja uwanjani kusikiliza muziki tu, au ulikuwa unapita zako ukapewa karatasi hii. Usiitupe. Haikuulizi dini wala dhehebu. Inakuuliza swali moja tu: wewe na chupa, nani bwana?

Utasema, "Aa, mimi nakunywa kidogo tu, nikitaka kuacha naacha." Sawa. Hebu jibu kimoyomoyo: mara ya mwisho ulipojiapiza "leo sinywi", jioni ilikukuta wapi?

MTEGO UNAVYONASA

Hakuna aliyezaliwa mlevi. Mwingine alitumwa kilabuni kununua mbege au ulanzi, njiani akapiga funda moja. Mwingine alianzia kwenye harusi. Mwingine washikaji walimcheka kijiweni, "We bado mtoto!" Basi naye akataka kuwa mkubwa. Funda la kwanza lilikuwa chungu. La pili likaleta joto. La tatu ukacheka, ukasahau kwamba ada haijalipwa, ukasahau kelele za baba na mama usiku. Hapo ndipo shetani alipokunasa. Hakukuonyesha mtaro utakaolala, alikuonyesha sherehe!

Sasa asubuhi kichwa kinagonga, mikono inatetemeka, unatafuta ya kuzimua. Kijana, liogope neno hilo, kuzimua! Pombe ya jioni uliinywa ili ufurahi. Ya asubuhi unainywa ili tu uwe kama wenzako ambao hawakunywa kitu. Huo si ujanja tena, ni utumwa.

Biblia ilimwona mtu huyo zamani sana. Soma Mithali 23:29-35. Utamkuta ana macho mekundu na majeraha asiyojua kayapata wapi. Amepigwa wala hakusikia. Na akiamka, kitu cha kwanza anachowaza ni kuitafuta tena! Je, humjui mtu huyo? Je, si wewe?

Wataalamu wanasema ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Wewe wa miaka 15 unamwagia pombe ukuta ambao saruji yake haijakauka. Tena gongo ndiyo usiseme, maana hujui wamechanganya nini humo. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka macho. Walikaa kunywa kama unavyokaa wewe.

SHERIA NI NZURI, LAKINI HAIFIKI MOYONI

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba. Tunaishukuru. Lakini je, viroba vilipoondoka, kiu nayo iliondoka? Aliyefungwa alitafuta chupa ndogo, au akaenda kwenye gongo. Sheria inaweza kufunga duka. Moyo wako unahitaji Mwokozi.

YESU ANAWEZA!

Soma Marko 5:1-20. Kulikuwa na mtu aliyekaa makaburini, uchi, akijikatakata kwa mawe. Watu walimfunga minyororo akaikata. Ndugu walishachoka naye, kama wa kwenu walivyochoka na wewe. Yesu hakuchoka. Alivuka ziwa akamfuata kule kule makaburini. Watu walipokuja kutazama, walimkuta ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu. Haleluya! Na Yesu alimrudisha wapi? Nyumbani kwao, kwa watu wale wale aliowatesa, akawasimulie. Mama yako anayekusubiri usiku mlango ukiwa wazi, anangoja siku hiyo.

Lakini sikia vizuri hapa. Kama umekunywa kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe ukiikosa unaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege katika siku mbili tatu za kwanza. Wengine hufa. Nenda hospitali, umwambie daktari ukweli wote, unakunywa nini na kiasi gani. Dawa za kukuvusha zipo. Mtu akikwambia kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, usimsikilize. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Tunakuombea, na daktari anakutibu. Mungu ni yule yule.

Halafu fanya haya. Badilisha njia ya kurudi nyumbani, usipite pale. Pesa mpe mtu unayemwamini akutunzie. Tafuta mtu mmoja umwambie, "Mimi nimefungwa, nisaidie." Jioni ile saa ya kiu ikifika, usikae peke yako, njoo kwenye maombi. Wengine kiu huwatoka siku moja, wengine hupigana nayo miezi mingi. Wote wawili ni watoto wa Mungu. Na ukianguka? Inuka! Mithali 24:16 inasema mwenye haki anaweza kuanguka hata mara saba, akasimama tena. Shetani atakwambia, "Umeshaharibu, malizia chupa." Mwongo huyo! Mwaga iliyobaki, urudi.

OMBA SASA HIVI

Pale ulipo, hata kama bado unanuka pombe, sema kwa moyo wako: "Bwana Yesu, nimefungwa na nimeshindwa. Nimekosa mbele zako na mbele ya wazazi wangu. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Kuanzia leo Bwana wangu ni wewe, si chupa. Nipe nguvu ya leo, na kesho nitakuomba tena. Amina."

Kama umeomba hivyo kwa kumaanisha, usilale na siri hiyo. Mwambie aliyekupa karatasi hii, au nenda kanisa la karibu linalohubiri wokovu ukaonane na mchungaji. Halafu nenda nyumbani ukamwombe mama msamaha.

Ukimaliza kusoma, mpelekee mwenzako kijiweni. Naye anaangamia.