Turubai Siyo Upungufu wa Imani



Kijana mwenzangu, leo naanza kwa kukiri kosa langu hadharani. Kwenye harusi ya kaka yangu mimi nilikuwa katibu wa kamati. Ndoa ilipangwa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Unajua ilivyo: Kwaresima parokia nyingi hazifungishi ndoa, kwa hiyo Pasaka ikishapita kila mtu anagombania tarehe. Na kwetu Dar es Salaam hapo ndipo masika yenyewe, maana mvua zile ni za Machi mpaka Mei. Misa ilikuwa kanisani, ila sherehe tuliiweka uwanjani, peupe, na taa za kuning'inia.

Michango ikasuasua. Nikachukua kalamu nikafuta mstari wa maturubai. Mzee mmoja wa jumuiya yetu akasema taratibu, "Wanangu, hii ni masika." Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Baba, tumeshasali novena. Mungu hawezi kutuaibisha." Watu wakapiga makofi. Hela ile ikaenda kwenye mapambo.

Saa mbili kasoro usiku, keki haijakatwa, mvua ikashuka. Siyo manyunyu, mvua! Nyaya za umeme zilikuwa zimelazwa chini kwenye majani, ikabidi jenereta izimwe haraka kabla mtu hajapigwa shoti. Giza, matope, watoto wanalia, bibi wa miaka themanini amelowa mpaka mifupa. Mama mmoja wa WAWATA alikimbia kumtafuta katekista mwenye ufunguo wa ukumbi wa parokia. Ndiyo tukaokoka.

Ndugu yangu, usiku ule nilielewa Injili ya Mathayo sura ya 4. Shetani anampandisha Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajirushe, malaika watamdaka. Tena anamsomea na Zaburi! Yesu anakataa, kwa sababu huko siyo kumtumainia Mungu, ni kumjaribu. Novena yangu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba niliitumia kama turubai.

Angalia wale wanawali kumi (Mt 25). Wote walikuwa wanamsubiri bwana arusi, na wote kumi walisinzia. Tofauti ilikuwa mafuta ya akiba tu. Angalia na Kana (Yn 2). Yesu yupo, Mama Maria yupo, na bado divai inaisha. Yesu hasemi, "Kaeni mtazame." Anawatuma watumishi wajaze maji mabalasi sita ya mawe, nao wanajaza mpaka juu. Muujiza ulipita kwenye mikono iliyochoka.

Kwa hiyo kama uko kwenye kamati, fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wiki nzima, siyo asubuhi ya siku yenyewe. Lipia turubai kabla ya mapambo. Tazama maji ya mvua yanapitia wapi uwanjani. Nyaya zipite juu. Omba ukumbi wa akiba, na ujue ufunguo anao nani. Halafu sali, sali kweli kweli.

Lakini kuna mvua kubwa kuliko ile. Yesu anasema mvua ilizipiga nyumba zote mbili, ya kwenye mwamba na ya kwenye mchanga (Mt 7). Hakumwahidi mwenye busara kiangazi. Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alifundisha kwamba maandalizi ya ndoa ni ya mbali, ya karibu na ya mwisho kabisa, na yale ya mbali huanza utotoni. Wewe na mchumba wako mmeongea lini kuhusu madeni? Kuhusu wazazi wenu? Kuhusu mtoto akichelewa? Au mnasema "tunapendana, Mungu atajua", kama mimi na turubai langu?

Kaka yangu na mkewe waliapa mchana ule kushikamana katika raha na taabu. Taabu ya kwanza haikusubiri hata siku iishe. Niliwaona mlangoni pa ukumbi, gauni limejaa tope, wanawagawia wageni sahani wenyewe huku wanacheka. Hawakumtafuta wa kumlaumu. Hao walikuwa na turubai la ndani.

Jumamosi iliyofuata, kwenye jumuiya, nilimwomba yule mzee msamaha. Nikamwambia, "Baba, nilidhani Mungu hakusikia novena yetu." Akanijibu, "Alisikia, mwanangu. Ndiyo maana nilisema kile nilichosema kikaoni."

Tusali: Ee Bwana, utupe imani inayofanya kazi, na masikio ya kusikia unapotuonya kwa midomo ya wengine. Uwalinde wachumba wote wanaojiandaa. Mama Maria wa Kana, utuombee. Amina.