Juu ya Hati ya Uwakilishi kwa Mashauri ya Ng'ambo

Liko swali linaloulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba zenye msiba: mtu akimpa ndugu yake mamlaka ya kusema na kutia sahihi kwa jina lake katika nchi nyingine, je, kumwekea mipaka kwa maandishi ni kumtukana?

Tutwae mfano. Tuseme mama mmoja wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, amefiwa na mume aliyekuwa akifanya kazi Maskati, na mishahara ya mwisho haijalipwa. Shemeji yake yuko huko, naye aomba hati ya uwakilishi. Kwanza mama huyu hana budi kwenda mahakamani ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi, kwa maana mtu hawezi kutoa mamlaka asiyokuwa nayo. Kisha ni mashua hadi Nyamisati, gari hadi Kibiti, na kutafuta wakili au kamishna wa viapo. Baada ya hapo karatasi hupita Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Omani ulioko Dar es Salaam. Tena mahakama za Omani hutumia Kiarabu. Basi huenda mama yule akatia kidole chini ya maneno asiyoyajua: kudai, kupokea fedha, kupatana, kusamehe deni, hata kuweka mwakilishi mwingine. Hilo neno "kupatana" peke yake laweza kuiuza haki kwa robo ya thamani yake, na mbele ya sheria itahesabiwa kwamba mama mwenyewe ndiye aliyepatana.

Kukabidhi mambo ya mbali si jambo geni katika delta. Majahazi ya Ghuba yalikuja zamani kupakia boriti za mikoko. Mwaka 1939 Alan Villiers, mwana-maji wa Australia, alifika huko katika jahazi la Kuwait, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Nahodha alikuwa mbali na kwao miezi mingi. Hakuna aliyeweza kumwuliza neno kila jioni. Mambo yalisimama juu ya uaminifu, lakini pia juu ya hesabu aliporudi.

Wengi husema, ndugu ni ndugu, mwandikie yote. Haya, kwa mali yake mwenyewe mtu na aamini apendavyo. Lakini mama huyu naye ni wakili tu: sehemu ya fedha zile ni ya watoto wake. Hana ruhusa ya kuonyesha ukarimu kwa mali ya yatima.

Tena tumwangalie Ibrahimu katika Mwanzo 24. Mtumishi wake alitawala vyote alivyokuwa navyo, wala hakuna dalili kwamba bwana wake alimshuku. Hata hivyo alimwapisha, akamtajia kazi moja, akamkataza kumrudisha Isaka katika nchi ile, na akamwambia ya kuwa mwanamke asipokubali kuja, kiapo hakitamfunga. Mipaka ile ilikuwa pumziko kwa mtumishi. Alijua kazi yake yaishia wapi. Vivyo hivyo shemeji wa Maskati akirudi na hati iliyotaja shauri moja, na akaunti ambamo fedha zitaingia, ana jibu la kuwapa ndugu watakaomnong'ona.

Nanyi walimu wa dini, ambao mara nyingi huitwa kuwa mashahidi, kumbukeni Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529: katika Amri ya Saba yeye haridhiki na kutokuiba, bali ataka tumsaidie jirani kuilinda mali yake. Basi msomeeni mama maneno yote kwa Kiswahili, kisha mwulizeni amesikia nini. Ikiwa hamjui Kiarabu, msitie sahihi kana kwamba mmesoma. Mwambieni pia ya kuwa aweza kuifuta hati akiwa hai na mwenye akili timamu. Ila na ampelekee habari mwakilishi, na kila ofisi iliyopokea nakala.