Masale Nayaona

Kanuni ya kwanza niliyojifunza nilipojiandaa kwa mtihani wa GRE ni kujibu kwa yaliyomo kwenye kifungu tu. Unachokijua wewe, kiache mlangoni. Sehemu ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41, na karibu nusu ni ya kusoma na kupima hoja. Jibu lenye "wote" au "kamwe" lishuku kwanza. Ukitafuta dhana ambayo hoja inaiegemea bila kuitaja, kanusha kila jibu; likikanushwa hoja ikaanguka, ndilo. Mbinu hizi zinafanya kazi, ndizo zilizonifikisha kwenye shahada ya uzamili.

Huku uzamili nikasoma habari za Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti. Miaka ya 1931 na 1932 aliwauliza wakulima wa Uzbekistan: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko huko, dubu wake wana rangi gani? Baadhi walikataa kujibu. Hawakuwahi kufika huko. Darasani tulicheka. Mimi niliacha haraka, nikamkumbuka bibi.

Nilikuwa kidato cha tano. Baba mdogo alikuwa akigombania ukanda wa migomba na jirani, kule kwetu Kilimanjaro, na shahidi wake kwenye baraza la ardhi la kata alikuwa mama yake mzazi.

"Mama, mpakani si hupandwa masale?"

"Hupandwa."

"Na pale si pana masale?"

"Yapo."

"Basi si ndipo mpaka?"

"Masale nayaona, mwanangu. Aliyeyapanda sikumwona. Nilipoolewa niliyakuta."

Ukanda ukaenda kwa jirani. Baba mdogo hakukanyaga kwa bibi mwaka mzima, na mimi nilimuunga mkono.

Leo naliona kosa la hoja yake: mpakani hupandwa masale, lakini hata makaburini hupandwa. Ningependa kuishia hapo, bibi ameshinda kwa mantiki. Ila namjua. Hata hoja ingenyooka kama rula, asingejibu. Mtihani unauliza kinachofuata kutokana na maneno ya mtu mwingine, na ukikosea unapoteza alama. Yeye aliulizwa mbele ya majirani, na jibu lake lingehamisha shamba la mtu.

Binti wa baba mdogo naye anajiandaa kwa GRE, na mimi ndiye ninayemfundisha. Jumamosi aliuliza bibi angepata alama ngapi. Nikamwambia asome kifungu cha tatu.