Haki ya Anayetangulia

Mambrui ni mji wa kale. Uko ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, na miongoni mwa makaburi yake limo kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina ya zama za Ming. Mwaka 2010 wachimbuzi wa mambo ya kale, Wakenya na Wachina, walipata hapo sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala Uchina tangu mwaka 1402 hata 1424. Mji uliopokea vitu vilivyotoka mbali kiasi hicho haustahili kuogopa safari. Walakini iko safari moja fupi ambayo nyumba nyingi za huko hazijapata kuifanya, nayo ni ya kwenda Kilifi, penye chuo kilichoanzishwa mwaka 2007 chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Pwani mwaka 2013. Kwa gari hufika siku ile ile. Lakini kwa kijana ambaye kwao hapana aliyepata kuingia chuo kikuu, urefu wa njia ile haupimwi kwa gari.

Swali ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji kijana, ni hili: mji unapomsaidia mtoto wake wa kwanza kwenda chuo kikuu, umempa nini, na una haki gani juu yake?

Neno chuo si geni kwetu. Tangu zamani watu wa pwani waliita chuo nyumba ya kusomea Kurani, na mzazi aliyempeleka mwanawe chuoni alijua anampeleka wapi. Yeye mwenyewe alikwisha kukaa juu ya mkeka ule, akaandika juu ya ubao, akaifuta kazi ya jana ili apate mahali pa kuandika ya leo. Mtoto aliporudi analia, mzazi aliweza kukipambanua kilio cha uvivu na kilio cha kuonewa. Baharini ni vivi hivi. Hapana mvuvi anayempa mwanawe mtumbwi siku ya kwanza akamwambia, "Nenda, mwamba utauona mwenyewe." Huenda naye, akamwonyesha mlango wa kupitia na wakati maji yanapodanganya.

Chuo kikuu kimeivunja desturi hiyo. Mama aliyeshona makuti hata vidole vikakakamaa, au baba aliyetumika katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, humtuma mwanawe mahali asipopajua. Si kwamba hana majibu tu; hana hata maswali. Husema, "Soma kwa bidii, mwanangu," na maneno yake ni ya kweli, ila bidii si jambo lililopungua.

Kwa fedha hatuna aibu kubwa. Barua ya kuitwa chuoni ikifika, watu huchanga. Mwenye samaki hutoa samaki, mwenye shilingi hutoa shilingi. Serikali nayo ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1995, ijapokuwa nyumba nyingine za Waislamu hujizuia kwa kuwa mkopo una riba, na jambo hilo ni zito kwao wala halifai kuchekwa. Kuchanga ni desturi yenye heshima nchini. Mwaka 1959 Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, nauli ilitafutwa kwa wafadhili wa ng'ambo, na nyumbani jamaa na majirani wakachangia mahitaji mengine ya safari. Nani atawalaumu watu wanaotoa walicho nacho?

Mimi nitajilaumu mwenyewe, kwa sababu nilitoa, na pamoja na nilichotoa nikatia neno. Kijana wa mtaani kwetu alikuwa wa kwanza katika ukoo wao. Siku ya kumuaga tulikaa barazani, tukamwombea dua, na kila mzee aliyempa mkono alimpa na wasia. Zamu yangu ilipofika nilimwambia, "Usitutie aibu." Nilidhani nimempa nguvu. Alinibusu mkono, akaniitikia, "Inshallah, mjomba."

Alikaa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka alishindwa somo moja, nalo ni moja tu. Kila aliyesoma chuo kikuu anajua kwamba upo mtihani wa marudio, na kwamba mwanafunzi hufanya marudio kisha akaendelea kama wenzake. Kijana wetu hakujua. Mwenzake ambaye baba yake alikuwa mwalimu alishindwa masomo mawili, akapiga simu kwao usiku ule ule, baba akamwambia, "Kesho nenda ukamwone mhadhiri wako." Kijana wetu hakumpigia mtu. Angempigia nani? Kwao wasingeelewa, na sisi wengine tulikwisha kumwambia tusitiwe aibu. Alifunga sanduku, akaenda Mombasa kubeba mizigo, na kwa miezi saba kila tulipomuuliza alituambia kwamba masomo ni mazuri.

Tulipoupata ukweli, baadhi ya wazee walisema ametudhulumu michango yetu. Ndipo lilipojitokeza jambo jingine. Katika mwaka ule alikuwa akitoa sehemu ya fedha za mkopo, zilizokuwa za chakula na vitabu, akampelekea mama yake kwa ajili ya dawa na karo ya wadogo zake. Siku nyingine alikwenda darasani na njaa.

Hapa pana mashaka ya kweli, wala sitaki kuyapitia mbio. Wako wasemao kwamba alikosa: fedha alizokopeshwa ili asome hakuwa na ruhusa kuzitumia vingine, na anayekula mbegu hatavuna. Wako wasemao kwamba alitenda wema ulio bora kuliko shahada: mama mgonjwa hangoji mwanawe ahitimu. Nimezipima hoja hizi mara nyingi. Mtoto hawezi kuhukumiwa kwa kumwonea huruma mama yake. Nikimlaumu kwa hilo itanibidi nimsifu anayekula ashibe huku kwao wanalala na njaa. Lakini hoja zote mbili zinamtazama yeye tu, kana kwamba mji haukuwapo. Sisi tulioketi barazani tuliuona ugonjwa wa yule mama kila siku. Tulikuwa tumekwisha kuchanga mara moja, tukajiona tumemaliza, na mzigo uliobaki tukamwacha nao kijana wa miaka 19.

Kwa hiyo naona kwamba anayemsaidia mtu wa kwanza ana wajibu wa namna mbili baada ya fedha. Kwanza, amwambie kwa kinywa, waziwazi, kwamba kwa miaka ile yote ya masomo nyumbani hapamdai kitu. Sharti asemewe, kwani mwenyewe hatajisamehe deni hilo hata kama hapana anayelidai. Pili, amtafutie mtu aliyekwisha kupita njia ile, amkutanishe naye kabla ya safari, na ampe ruhusa ya kushindwa akasema kwamba ameshindwa. Najua wapo watakaosema kwamba ruhusa hiyo huzaa uvivu. Labda kwa mmoja katika kumi. Walakini aibu imekwisha kumfukuza kijana aliyekuwa na bidii kuliko wote niliowajua.

Na haki yetu juu yake? Tunaweza kutumaini kwamba atarudi kutufaa. Kudai ni jambo jingine. Zawadi inayodaiwa ni mkopo, na huo wa kwetu ungekuwa mbaya kuliko ule wa Bodi, maana hauna karatasi inayosema deni litakwisha lini.

Nilimwendea Mombasa. Nilimkuta penye vivuli vya maghala, akasimama upesi kunibusu mkono, nikauzuia. Nilimwambia kwamba neno nililompa siku ile nimelirudisha kwangu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mama yake anajua. Nikamwambia anajua, na kwamba dawa zake sasa ziko juu yetu.

Aliomba kurejea, akakubaliwa baada ya muda. Likizo iliyopita alikuwa barazani na binti wa nyumba ya pili, ambaye barua yake ilikuwa imefika juma lile. Nilimsikia akimwambia, "Ukishindwa somo, usifunge sanduku. Uliza siku ya marudio." Yule binti alikuwa akiandika katika daftari.