Msimbo Hausomwi kwa Makofi

Jumamosi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, ulipokwisha, nilipanda mlima wa Rebero kuhudhuria hafla ya kuwatia moyo vijana wanaosomea uhandisi wa programu. Ukumbi ulikuwa mzuri, Kigali yote imetandazwa chini yako, na waandaaji walilijua hilo: picha zilianza kupigwa kabla ya hotuba. Wasemaji wakapokezana. Huyu alianza bila hata kompyuta, yule leo analipwa kwa dola. Makofi, vyeti, soda. Laptopu za vijana hazikutoka mikobani tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa na mpwa wangu. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Gikondo akasema, “Mjomba, mimi nilitaka mtu mmoja tu aniangalizie msimbo wangu.” Maneno hayo yamenikera wiki nzima, na si yeye aliyenikera.

Binti huyu anatengeneza programu ndogo ya maduka ya maziwa, wateja walipe kwa simu. Ana wenzake wachache wanaokutana jioni sebuleni kwa mmoja wao, hapo hapo Rebero, waya za chaja zimezagaa sakafuni kiasi cha kumwangusha mgeni. Katikati ya wiki nilimsindikiza, nikapewa chai na kiti cha pembeni. Alikuwapo kaka mmoja aliyekwishazeeka katika kazi hii, ingawa hajafika miaka arobaini. Akasoma msimbo wa mpwa wangu mstari kwa mstari, akafika mahali palipoandikwa kwamba jibu la malipo likichelewa, ombi litumwe tena.

“Ombi la kwanza likiwa limeshafika, ila mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, mteja amelipa mara ngapi?”

Mpwa wangu akashika kichwa. Vijana wawili wakafungua laptopu zao kimyakimya. Nao walikuwa wameandika vilevile. Kaka akawaonyesha: kila malipo yapewe namba yake ya pekee kabla hayajatumwa, na mpokeaji aitunze, ili ombi likirudiwa atambue kuwa ni lile lile na asikate pesa upya. Somo halikuzidi nusu saa, na programu tatu zikapona.

Namjua atakayenicheka. Ataniambia zama zimebadilika, mzee. Masomo yote yako YouTube, na akili mnemba inaandika msimbo usiku wa manane bila kudai nauli. Ni kweli, nimeiona ikimjibu mpwa wangu kwa adabu ambayo wengi wetu hatuna. Lakini asiyejua kwamba ana swali ataliuliza vipi? Na hata akionywa na mashine, nani atamkalia kooni mpaka aelewe lile onyo? Yule kaka aliuliza kwa sababu alishawahi kukabiliwa na mfanyabiashara aliyekatwa pesa mara mbili. Hasira za yule mfanyabiashara hazimo kwenye video.

Mwingine atanikumbusha shule. Zipo, na nchi hii haikulala: kituo cha teknolojia cha kLab kilifunguliwa Kacyiru mwaka 2012, na Rwanda Coding Academy ikaanza kufundisha kule Nyabihu mwaka 2019. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na waajiri. Kampuni ya Andela ilianzia Lagos mwaka 2014 kwa ahadi ya kuwalea vijana huku wakifanya kazi, ikafika Nairobi, Kampala, hata hapa Kigali. Septemba 2019 ikawaachisha kazi takriban wahandisi wachanga 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba soko linataka wazoefu.

Wazoefu hao walizaliwa wazoefu?

Nendeni gereji za Gatsata. Kijana anaanza kwa kumulika tochi na kupitisha spana, na fundi hawezi kumfukuza kirahisi maana anamhitaji saa ile ile. Ofisini mambo ni kinyume. Mhandisi mwandamizi akitumia saa mbili kukagua kazi ya mchanga, ripoti yake ya mwezi inasomeka kama ya mvivu. Ndiyo maana malezi yameachiwa jioni na wenye huruma, na huruma nayo huchoka.

Kwa hiyo saa za kukagua kazi za wachanga ziandikwe kwenye mkataba wa mwandamizi, zilipwe, zihesabiwe siku ya kupandishwa cheo. Bosi atasema nikimlea mchanga, jirani atamchukua. Amchukue! Na jirani naye awe analea wa kuchukuliwa. Sasa hivi kampuni zinanyang'anyana watu wale wale wachache huku kila moja ikilalamikia mishahara. Wakiona hilo ni ghali, basi wafute “uzoefu wa miaka mitano” kwenye matangazo yao ya kazi.